Bwawa Likiishiwa Pumzi

Mazungumzo ya Tume ya Haki na Amani na waamini pamoja na viongozi wa walei wa Kibaha na Kisarawe



Ndugu zetu waamini, wajumbe wa Halmashauri za Walei, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na ninyi majirani mlioalikwa ambao hamsali nasi lakini mnachota maji pale pale tunapochota sisi: tunawashukuru kwa kuitika mwito. Baadhi yenu mmetoka Magindu na Dutumi, wengine Mzenga na Maneromango, na tunajua kwamba nauli ya safari hiyo si haba.

Pengine wapo waliosoma tangazo mlangoni mwa kanisa wakajiuliza Tume ya Haki na Amani ina nini na samaki. Tumezoea kukutana hapa kuzungumzia mirathi ya wajane, mipaka ya mashamba na haki za mahabusu. Leo tumekuja na habari ya perege waliokufa. Sababu tutaieleza, nayo, kama mtakavyoona, ina pembe mbili na mkia.

Katika kijiji kimoja cha bonde la Ruvu, ambacho hatutakitaja kwa kuwa watu wake wangali wanatafuta suluhu, kikundi cha akina mama kilichanga fedha kidogo kidogo kwa mwaka mzima, kikanunua vifaranga wa perege na kuwatia katika lambo la kijiji. Lambo lenyewe lilichimbwa kwa ajili ya mifugo. Wakati wa masika maji yake humfika mtu mzima kifuani, na mwisho wa kiangazi hayapiti magoti. Samaki walikua vizuri. Akina mama walikubaliana kuwavua Desemba, ili fedha zisaidie sare na madaftari ya Januari. Katikati ya Novemba, baada ya siku kadhaa za joto zito na mawingu yasiyoleta kitu, ilinyesha mvua moja kubwa usiku. Kulipopambazuka, lambo lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki.

Jioni iliyotangulia, mfugaji mmoja alionekana akinywesha ng'ombe wake pale. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amewanyunyizia dawa ya kupe. Mambo hayo mawili yalitosha. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amefungwa kamba na kupigwa, na kikao kilichokaa chini ya mwembe kilikwisha kumtoza fidia ya mtamba mmoja, akachukuliwa siku hiyo hiyo. Hapakuwa na aliyechota maji yakapimwe. Hapakuwa na aliyeandika lolote, wala aliyemwuliza Afisa Uvuvi, ambaye ofisi yake haikuwa mbali.

Wajumbe wetu walifika siku ya tatu. Walikuta vyura wakilia, wadudu wa majini wakiteleza juu ya maji kama kawaida yao, na kambale wakigeukageuka topeni wakiwa wazima kabisa. Mzee mmoja, mvuvi wa Ruvu tangu ujana wake, alitazama kwa muda kisha akasema neno tulilolichukua kuwa kichwa cha mazungumzo haya: kwamba bwawa liliishiwa pumzi.

Kwa nini samaki hufa kwa msimu

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, nayo ni chache kuliko tunavyodhani. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Maji hayo yakipata joto la nyuzi 30, kama yapatavyo katika lambo la Pwani mwezi Februari au Novemba, hayabebi zaidi ya miligramu 7 na nusu. Perege hustawi penye miligramu 5 na kuendelea. Zikishuka chini ya 3 huanza kuhangaika, na zikizidi kushuka hufa, hasa wale wakubwa. Kwa hiyo maji yanapopungua na kupata joto, samaki wale wale waliokwisha kunenepa hubaki wakigombea hewa ndogo kuliko waliyokuwa nayo walipokuwa vifaranga.

Hapo huingia jambo la pili, ambalo wengi wetu hulichukua kinyume chake. Maji ya kijani hupendwa na wafugaji wa samaki, nao hawakosei, maana ukijani ule ni mimea midogo mno ambayo perege huila. Mchana, kwa nuru ya jua, mimea hiyo hutoa oksijeni kwa wingi. Usiku haitoi, nayo huvuta, kama sisi. Saa mbaya kuliko zote katika lambo la kijani, basi, ni alfajiri, kabla jua halijachomoza. Zikipita siku mbili au tatu za mawingu mazito, mimea haitengenezi akiba ya kutosha mchana, na kila alfajiri huja na upungufu mkubwa kuliko wa jana yake.

Kisha liko tope. Chini ya kila lambo la kale limelala tabaka la kinyesi, majani na mizizi inayooza, na maji yaliyo karibu nalo hayana hewa. Siku za joto na utulivu, maji ya juu yaliyo vuguvugu hukaa kama kifuniko, na yale mabaya hubaki chini. Mvua ya kwanza ya vuli huja na maji ya baridi na upepo, kifuniko huvunjika, ya chini hupanda juu, na papo hapo mafuriko huingiza samadi na takataka zote zilizokusanyika kandokando tangu Juni. Yote hayo hudai oksijeni ili yaoze. Saa chache zatosha kumaliza kazi ya miezi minane.

Wala si vilambo vyetu tu vyenye tabia hii. Ziwa George la Uganda, ambalo kina chake cha wastani ni kama mita 2 na nusu, limewahi kupata vifo vya samaki wengi baada ya dhoruba kuvuruga tope lake. Mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara walielea wakiwa wamekufa katika sehemu za Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na serikali ya huko ikaeleza kuwa dhoruba zilichanganya maji na kupunguza oksijeni. Watafiti waliofanya kazi katika Mto Mara walichapisha mwaka 2018 habari ya mabwawa ya viboko: kinyesi cha wanyama hao hurundikana wakati maji ni machache, na mto unapofurika ghafla, maji machafu yasiyo na hewa husukumwa kuelekea chini na kuua samaki. Katika tukio hilo hapana mwenye sumu na hapana mwenye hila.

Kupima kabla ya kuhukumu

Tusije tukaeleweka vibaya. Sumu zipo, na watu wabaya wapo. Dawa nyingi za kupe na za wadudu wa mashambani ni kali mno kwa samaki, na mfugaji aoshaye bomba lake lambonini ana kosa. Wapo pia wavuao kwa utupa, au kwa dawa za dukani zilizo mbaya zaidi. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, na viwanda pamoja na wavuvi ambao hawakuwahi kushika sumu walipata hasara pamoja na waliofanya uovu huo. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza jambo hilo, nasi tunaliunga mkono katazo hilo kwa moyo wote.

Lakini maji yenyewe hutoa ushahidi kwa mtu aliye tayari kuutazama. Samaki waliokosa hewa huonekana alfajiri wakiwa juu, midomo wazi, wakimeza hewa. Hufa usiku au kunapokucha, na wakubwa hutangulia. Kambale huweza kupumua hewa ya juu, kwa hiyo hubaki. Chura hubaki, na wadudu wa majini pia. Sumu ya wadudu haichagui saa. Huweza kuua adhuhuri jua likiwaka, huwachukua vifaranga wadogo mapema, na mara nyingi huangamiza hata wadudu, kamba na kaa wa majini. Ukimkuta kambale naye amekufa, na wadudu wameelea, hapo una haki ya kushuku, tena una wajibu wa kutoa taarifa upesi.

Kuna mtego mmoja katika upimaji ambao tumeuona ukiwanasa hata wasomi. Oksijeni hupimwa pale pale, alfajiri ile ile. Mtaalamu akifika saa nane mchana akatumbukiza kipimo chake, atakuta oksijeni tele, kwa sababu jua limekwisha kufanya kazi yake, na huenda akaondoka akisema maji ni mazuri, basi ni sumu. Kwa hiyo kijiji chenye bwawa la samaki kiwe na daftari na mtu wa kuandika: saa samaki walipoonekana, hali ya hewa ya siku tatu zilizopita, rangi na harufu ya maji, aina za viumbe vilivyokufa na vilivyosalia. Kwa habari ya sumu, maji yachotwe kwa chupa safi, na samaki wawili watatu walio mahututi wawekwe kwenye barafu, vyote vifikishwe kwa Afisa Uvuvi siku hiyo hiyo. Na vichotwe mbele ya mashahidi wa pande zote, akiwamo mshtakiwa.

Hili la mashahidi tunalisisitiza kwa sababu ya yaliyotokea mkoani Mara. Machi 2022 samaki wengi walikufa katika Mto Mara upande wetu wa Tanzania, na wananchi wengi walielekeza kidole kwenye migodi. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikatoa jibu kwamba oksijeni ilipungua kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa ng'ombe uliorundikana katika ardhioevu, pamoja na mimea iliyooza. Mnakumbuka jinsi nchi ilivyopokea jibu hilo: kwa vicheko, kwa hasira, na kwa maswali mengi. Sisi si wakemia, hatutaamua hapa kama kamati ilipatia au ilikosea, ingawa mliyosikia dakika chache zilizopita yanaonyesha kwamba jambo lenyewe halikuwa la kuchekwa moja kwa moja. Tunachokiona ni kwamba kipimo ambacho wenye hasara hawakukishuhudia kina kazi kubwa ya kuaminiwa, hata kikiwa sahihi. Mtu aliyepoteza kitoweo chake ataamini alichokiona akiwa amesimama ukingoni.

Habari ndefu ya kupandikiza samaki

Baada ya kifo cha namna hii, kauli ya kwanza katika kila kikao ni ile ile: tuombe vifaranga wengine. Ombi hupelekwa kwa diwani, kwa mbunge, kwa shirika, hata kwa paroko. Vifaranga huja ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, picha hupigwa, hotuba hutolewa. Mwaka unaofuata, Novemba, mambo hurudia.

Nchi yetu imekwisha kulipa ada ya somo hili zamani. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, na inakadiriwa kuwa hadi mwaka 1968 mabwawa kiasi cha 8,000 yalikwisha kuchimbwa nchini. Mengi hayakuzaa kitu cha maana. Mengine yalikuwa na ukubwa wa mita 20 za mraba tu, sawa na chumba kimoja cha nyumba. Ukame uliyapata, utunzaji ukakosekana, na watu wakarudi kwenye majembe yao. Jirani zetu wa Kenya, katika mpango wa mwaka 2009 wa kuinua uchumi, walichimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi. Ulaji wa samaki uliongezeka na wapo walionufaika hadi leo, lakini mabwawa mengi yaliachwa baada ya msaada wa vifaranga na chakula kukoma. Fedha zilizozikwa humo zilikuwa kodi za watu, wakiwamo wasiokula samaki.

Na ajabu ni kwamba mito yetu ilikuwa ikipandikiza bila kuombwa. Ruvu hushuka kutoka milima ya Uluguru, hufurika wakati wa masika, na hujaza mabwawa ya bondeni samaki. Maji yarudipo Juni, perege na kambale hubaki humo, na wazee wetu waliwavua kwa madema na nyavu kabla mabwawa hayajakauka. Ndivyo yalivyokuwa tangu kale pia maziwa ya bonde la Rufiji kama Zumbi, Ruwe na Uba: mto ukiyafikia, samaki huingia upya; usipoyafikia kwa miaka kadhaa, maziwa husinyaa na uvuvi hudhoofu. Sasa Rufiji ina bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, na mafuriko yake hayategemei tena mvua peke yake. Kwetu Ruvu, maji huvutwa kwa ajili ya Dar es Salaam na Kibaha yenyewe, na Oktoba 2022 mto ulipungua hata jiji likaingia katika mgao. Mtu anayeahidi vifaranga kwa bwawa la bondeni bila kuuliza kama mto utalifikia mwaka huu anatoa ahadi nusu.

Wapo pia viumbe waliojifunza kuishi na ukame kuliko sisi. Katika vidimbwi vya msimu vya huku Pwani, karibu na Soga kwa mfano, wako samaki wadogo wa kundi la Nothobranchius, madume yao yakiwa na rangi za kupendeza sana. Hukua kwa majuma machache, hutaga mayai topeni, na dimbwi likikauka hufa wote. Mayai hubaki ndani ya udongo mkavu hadi mvua irudi, kisha huanguliwa. Wataalamu wa nchi za mbali husafiri kuja kuwatazama, ilhali sisi twapita na baiskeli bila kugeuza shingo. Tunawataja kwa sababu mara mbili tumesikia shauri la kutia perege au kambale katika vidimbwi hivyo. Shauri hilo halifai. Perege hataishi humo hadi Oktoba, na kambale atawala hao wadogo kabla naye hajafa.

Kuhusu aina ya samaki tuseme neno moja zaidi. Sato wa Nili amesambazwa katika mabonde mengi ya Tanzania kwa sababu hukua haraka. Lakini akitoroka huzaana na perege wa asili wa mito yetu, na uzao wao wa mchanganyiko huchukua nafasi ya ule wa asili. Ukichukua vifaranga, jua ni wa aina gani na wametoka wapi. Kuhamisha samaki hai kutoka bonde hadi bonde kuna kanuni zake, na Afisa Uvuvi aulizwe kwanza. Kituo cha Kingolwira, Morogoro, hakiko mbali nasi kwa mtu atakaye vifaranga na ushauri.

Nani avue, na lini

Tunafika kwenye kiini cha jambo. Tumezoea kusikia kwamba uvuvi ukifungwa, samaki huongezeka. Ni kweli mahali pake. Ziwa Tanganyika lilifungwa upande wetu kwa miezi 3 mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane, na ziwa lile ni refu kwenda chini kuliko tunavyoweza kufikiri. Lambo la kufika kifuani ni jambo jingine. Humo samaki mkubwa asiyevuliwa mwisho wa Septemba hahifadhiwi; ametengwa kwa ajili ya korongo. Yule mama aliyengoja Desemba ili ada ipatikane alifuata busara ya benki katika mahali pasipo na benki. Laiti wangeanza kuvua Agosti, kidogo kidogo, wakiwatoa wakubwa na kuwaachia wadogo nafasi ya kupumua, wangepata fedha, na waliobaki huenda wangevuka Novemba.

Kwa hiyo tunawashauri wenye malambo wafanye hivi. Wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua, wachimbe shimo la kina cha mita 2 au zaidi upande mmoja wa lambo, na walizungushie miti ili nyavu zisipite. Hilo ndilo kimbilio. Wapunguze samadi mapema. Kipimo cha zamani chatosha: tumbukiza mkono hadi kiwiko, na kama huoni kiganja chako, maji yameshiba, usiongeze kitu. Siku za mawingu mfululizo wasiwalishe samaki pumba, kwani chakula kisicholiwa huoza. Wakiwaona juu alfajiri, waingize maji mapya kama yapo, au warushe maji hewani kwa pampu na hata kwa ndoo, na siku hiyo hiyo waanze kuvua. Ng'ombe wanyweshwe kwenye hori nje ya lambo, ili kinyesi kisiingie majini. Jambo hili la hori ni gharama, na si haki kumtwika mfugaji peke yake, wala akina mama peke yao.

Ndugu zetu wa Malawi wana Ziwa Chilwa, lenye kina kifupi, ambalo limewahi kukauka kabisa, mwaka 1968 na tena 1995. Lilipokauka, samaki wachache walisalia katika vijito na madimbwi ya kando, na ulinzi wa masalia hayo ulikuwa na thamani kuliko lori la vifaranga. Maji yaliporudi, uvuvi nao ulirudi baada ya muda. Nasi tunaweza kuamua katika Mkutano Mkuu wa Kijiji kwamba dimbwi fulani lenye kina halitavuliwa kabisa, ndilo liwe mbegu. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, na Halmashauri ya Wilaya ikiidhinisha, zina nguvu. Lakini zitajwe waziwazi: nani mwenye samaki, nani mwenye maji, mwezi gani uvuvi unaanza, fungu gani ni la wajane na wazee wasioweza kuingia majini, na nani ashike daftari. Lambo ambalo siku ya hotuba ni la wote na siku ya mavuno ni la wenye nyavu halina haki ndani yake, hata samaki wakiwa wazima.

Tuongeze lililotuhuzunisha. Asubuhi ile, kabla mfugaji hajafungwa kamba, wachuuzi walikwisha kujaza magunia. Samaki waliookotwa wakiwa wamekufa, kwa sababu ambayo wenyewe waliamini kuwa ni sumu, walikaangwa na kupelekwa kuuzwa barabarani. Samaki aliyevuliwa akiwa hai juu ya maji kwa kukosa hewa hana ubaya. Aliyeokotwa amekufa na chanzo hakijulikani, asiliwe, na zaidi asiuziwe mtoto wa mtu mwingine. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba ilikuwa lazima hasara ipungue. Tunaielewa njaa iliyosema maneno hayo, wala hatuikubali hoja yake.

Mtamba

Tumezungumza na akina mama wa kikundi. Wengi wao wanasema sasa kwamba hawaamini tena kuwa palikuwa na sumu, na mmoja alisema hakuamini hata siku ile, ila hakuthubutu kufungua kinywa mbele ya vijana wenye fimbo. Tumezungumza na mfugaji pia. Mkono wake mmoja haukunyooka vizuri baada ya kipigo. Anakiri kwamba alikuwa na desturi ya kuosha bomba la dawa karibu na maji, ingawa si siku ile, na ameahidi kuiacha.

Yule mtamba aliyetozwa alikabidhiwa kaya moja amlee hadi atakapouzwa ili kikundi kifidiwe. Hakuuzwa. Amekwisha kuzaa ndama jike, na anakamuliwa. Kaya iliyomlea inadai gharama ya malezi. Kikundi kinadai vifaranga wake. Mfugaji anadai ng'ombe wake na ndama. Viongozi wa kitongoji wanasema shauri lilikwisha, na karatasi ya hukumu haipo kwa sababu haikuandikwa.

Tume imeomba pande zote nne zikutane, na zimekubali, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, pale pale lambonini, mbele ya Afisa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Uvuvi, ambaye ataleta kipimo cha oksijeni saa kumi na moja alfajiri. Tunaomba kila Jumuiya ya kanda hiyo itume watu wawili wa kushuhudia, na waje mapema, kabla ya jua. Sasa tunawapa nafasi ndugu wa bonde la Ruvu waanze kuuliza, kisha tutawasikia wa Kisarawe.